Namna ya kuweka mikusanyo ya makumbusho ya historia ya eneo mtandaoni, kuanzia rejista mpaka linki

Makumbusho madogo ya historia karibu yote yanafanana kwa jambo moja, vitu vilivyo ukumbini ni vichache na vilivyo stoo ni vingi mno, na hivyo vya stoo wanaovijua ni watu wawili watatu wanaofanya kazi pale. Mtu ambaye babu yake alipigwa picha akiwa fundi wa reli hana njia ya kujua kwamba ile picha iko kwenye boksi lenu, mwanafunzi anaetafuta barua za miaka ya 1930 hajui kama mnazo, na saa zingine hata nyinyi wenyewe hamjui. Hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kuviweka mtandaoni. Lakini ipo nyingine nzito zaidi, usiku wa tarehe 2 Septemba 2018 Makumbusho ya Taifa ya Brazil pale Rio de Janeiro yaliungua, yalikuwa ndo yametimiza miaka 200 na yalikuwa na vitu kama milioni 20, sehemu kubwa ikateketea, na siku zilizofuata wanafunzi wa chuo kikuu na wahariri wa Wikipedia wakawa wanaomba watu watume picha zozote walizowahi kupiga mle ndani. Makumbusho makubwa ya taifa yakaanza kuokota picha za simu za wageni. Kwa hiyo hii kazi ifanyeni mapema, wakati vitu bado vipo na wanaovifahamu bado wapo.

Sasa, swali la kwanza ambalo karibu kila timu inauliza ni "tutumie programu gani?" na kazi nyingi zinakwama hapohapo, kwa sababu programu inakuja karibu na mwisho. Kinachobeba kila kitu ni namba na rekodi, yaani maelezo yaliyoandikwa ya kila kitu. Picha nzuri ya kitu ambacho hakina namba wala maelezo haimsaidii mtu, ila rekodi nzuri yenye picha ya kawaida tu inasaidia sana, na hiyo rekodi mnaweza kuihamisha kutoka programu moja kwenda nyingine kwa miaka mingi. Ukishika hilo moja, hatua zote zinazofuata zinaeleweka.

HATUA YA 1: Chagueni kundi dogo la kuanzia

Msianze na vyote. Chukueni vitu mia moja au mia mbili vinavyokaa pamoja kimantiki, mfano picha zote za mpiga picha mmoja, au vifaa vya kazi fulani, au albamu za familia moja iliyowakabidhi. Angalieni mambo matatu: watu wanaulizia hivo vitu? hali yake inaruhusu kushikwa? na haki zake ziko wazi? Kundi likipita yote matatu, anzeni nalo. Picha za karatasi na barua ni rahisi kuskani kwa sababu ni bapa, ila maswali yake ya hakimiliki ni mengi. Vifaa kama cherehani au taipureta vinasumbua kupiga picha ila haki zake kwa kawaida hazina ugomvi. Mimi ningechanganya kidogo, vitu vichache vya kila aina, ili timu ijifunze njia zote mbili mapema kabla mlima haujawa mkubwa.

Alafu teueni mtu mmoja ambae neno lake ndo la mwisho kuhusu rekodi. Watu kumi wakijaza kila mmoja kwa mtindo wake mtakuja kutumia muda mwingi kusafisha kuliko mliotumia kujaza.

HATUA YA 2: Namba

Kila kitu kiwe na namba yake moja tu, isiyorudiwa ndani ya makumbusho yenu. Mfumo unaotumika sana ni wa sehemu tatu, kwa mfano 1987.12.3, maana yake kitu kilipokelewa mwaka 1987, kilikuja kwenye mzigo wa 12 wa mwaka huo, na ni kitu cha 3 ndani ya huo mzigo. Kikiwa na vipande, mfano buli na kifuniko chake, mnaongeza herufi, 1987.12.3a na 1987.12.3b. Kama rejista yenu ya zamani ina mfumo mwingine msiufute, namba ya zamani iachwe kwenye kolamu yake kwa sababu kuna barua na lebo za miaka iliyopita zinazoitaja, ukiifuta umekata uzi.

Mtakuta vitu visivyo na namba kabisa, hakuna makumbusho ambayo hayana. Hivo vipeni namba ya muda inayoonekana wazi kwamba ni ya muda, mfano inayoanza na T, na msivipe mwaka wa kubuni. Baadae rejista au barua ya zamani inaweza kuvitambulisha, hapo ndo mnavipa namba yake halali na ile ya T mnaiacha kwenye rekodi.

Namba inaandikwaje kwenye kitu chenyewe? Hapa naomba muwe makini kwa sababu uharibifu mwingi unafanywa na nia njema. Stika za gundi hapana, seloteipu hapana, kalamu ya wino kwenye karatasi hapana. Karatasi na picha ziandikwe nyuma, pembeni, kwa penseli laini bila kukandamiza. Nguo ishonewe kiutepe cha pamba chenye namba, nyuzi mbili tatu tu, sehemu isiyoonekana. Chuma kisicho na kutu, kauri na kioo mnaweza kupaka tabaka jembamba la Paraloid B-72, aina ya vanishi angavu ya wahifadhi, likikauka mnaandika juu yake kwa wino usiochuja, alafu tabaka lingine juu, na siku mkitaka kutoa inatoka kwa asetoni. Plastiki msiipake hiyo kwa sababu asetoni inaweza kuiyeyusha, kitu cha plastiki kifungieni lebo ya karatasi isiyo na asidi kwa uzi. Na kitu chochote msichokuwa na uhakika nacho, lebo ya kufunga ndo salama.

Wakati huohuo tembeeni na rejista shelfu kwa shelfu mkilinganisha. Vipo kwenye rejista ila havipo stoo, vipo stoo ila havipo kwenye rejista, vyote viandikwe. Ni kazi ya kuchosha lakini bila hiyo mtaweka mtandaoni kitu ambacho mtu atasafiri kuja kukiona na nyinyi hamkioni.

HATUA YA 3: Jedwali

Fungueni Excel au LibreOffice Calc, mstari mmoja kwa kila kitu, kolamu moja kwa kila aina ya taarifa. Hamuhitaji zaidi ya hapo kwa kuanzia. Mkitaka msingi unaokubalika duniani upo Dublin Core, orodha ya vipengele 15 iliyoanzia kwenye mkutano uliofanyika mji wa Dublin jimbo la Ohio, Marekani, mwaka 1995, na karibu kila programu ya makumbusho na maktaba inaielewa. Vipengele vyenyewe ni vya kawaida: kichwa, aliyetengeneza, tarehe, mada, maelezo, aina, muundo, lugha, haki na kadhalika. Kwa makumbusho ongezeni vipimo, kimetengenezwa kwa nini, hali yake, mahali kilipotumika, kilipatikanaje, na kinakaa wapi stoo. Kwa upande wa taratibu za kupokea, kuazima, kuhamisha na kurekodi vitu, someni Spectrum, ni kiwango kinachosimamiwa na Collections Trust ya Uingereza na unaweza kukisoma bure mtandaoni.

Kanuni za kujaza ni chache ila zishikeni kweli. Kolamu moja ibebe jambo moja, usichanganye vipimo na maelezo. Tarehe iwe na kolamu mbili, moja ya binadamu ("kama miaka ya 1950", "kabla ya vita") na nyingine ya kompyuta kwa mtindo wa mwaka-mwezi-siku, mfano 1954-03-12, na kama ni kipindi weka mwaka wa kuanzia na mwaka wa kuishia. Hiyo itawawezesha kupanga vitu kwa wakati bila kumdanganya msomaji kwamba mnajua siku halisi. Jina la mahali liandikwe la zamani na la sasa, maana miji na mitaa inabadilishwa majina na mtafutaji anaweza kujua moja tu. Mkikisia kitu andikeni kwamba mmekisia na kwa nini, "inadhaniwa ni miaka ya 1920 kutokana na sare" ni sentensi yenye thamani kubwa kwa atakaekuja kuhakiki.

Aina za vitu zisiachwe kila mtu ajiandikie. Mmoja akiandika "cherehani", mwingine "mashine ya kushonea", mwingine "mashine ya fundi", mtafutaji atapata theluthi tu. Tengenezeni orodha yenu ya maneno na wote muifuate. Kama mnataka kuiunganisha na orodha za kimataifa, ipo Nomenclature, ambayo ilianza kama kitabu cha Robert Chenhall mwaka 1978 na sasa iko mtandaoni bure, na ipo ile ya taasisi ya sanaa ya Getty inayoitwa Art & Architecture Thesaurus. Zote mbili kila neno lina namba yake, kwa hiyo nyinyi mnaandika neno la lugha yenu na pembeni mnaweka ile namba, basi, kitu chenu kinaweza kuoanishwa na vya makumbusho mengine yanayotumia lugha nyingine kabisa.

Maelezo. Hapa ndo naona watu wanaharakisha wakati ndo sehemu inayosomwa zaidi. Andika kama unamwelezea mtu ambae hakioni: ni nini, kinafananaje, nani alikitumia, kwa kazi gani, kina alama gani, maandishi yaliyopo yanasemaje neno kwa neno. "Picha ya watu" haimfikishi mtu popote. "Wanaume saba na mvulana mmoja wamesimama mbele ya karakana ya treni, wa tatu kutoka kushoto ameshika spana, nyuma ya picha imeandikwa kwa penseli 'zamu ya usiku'" hiyo mtu ataitafuta na ataipata. Andika majina ya watu kama yanavyojulikana, na lakabu zao pia, kuna watu mtaa mzima uliwajua kwa lakabu.

Mtakutana pia na maelezo ya zamani yenye maneno ya matusi au ya dharau kwa watu wa kabila fulani, wanawake, wagonjwa. Msiyafute, ni ushahidi wa jinsi watu walivyotazamwa, lakini yasiwe ndo kichwa cha habari. Yawekeni kwenye kolamu ya "maelezo ya awali" yakiwa na alama za kunukuu na mwaka yalipoandikwa kama unajulikana, alafu andikeni maelezo mapya ya heshima, na kwenye tovuti wekeni ilani fupi inayosema mmefanya hivo.

Jedwali likishajaa lipitisheni kwenye OpenRefine, ni programu ya bure ya kusafisha data, inakuonyesha pale ambapo neno moja limeandikwa kwa njia tano tofauti na unayasawazisha yote kwa mara moja. Alafu hifadhini kwa CSV, yaani jedwali la maandishi matupu ambalo karibu programu yoyote inalisoma, na mkihifadhi chagueni UTF-8 ili herufi zisiharibike.

HATUA YA 4: Haki, na heshima ya watu

Hii ije kabla ya kamera. Kuwa na picha mkononi sio kuwa na hakimiliki yake. Familia ikiwapa albamu imewapa karatasi, hakimiliki kwa kawaida ni ya aliyepiga au warithi wake, isipokuwa kama kuna maandishi ya kuihamisha. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 na marekebisho yake unaweka kiwango cha chini cha maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa, nchi nyingi zimeenda mpaka miaka 70, na kwa picha za kamera mkataba unaruhusu nchi kuweka muda mfupi zaidi, usiopungua miaka 25 tangu picha ilipopigwa. Kwa hiyo fungua sheria ya nchi yako, tafuta kipengele cha muda, na uandike kanuni ya ukurasa mmoja ambayo timu nzima itaitumia.

Kila rekodi iwe na kauli ya haki, msiache tupu. RightsStatements.org ina kauli 12 zilizotengenezwa kwa ajili ya taasisi kama zenu, ilianzishwa 2016 na Europeana ya Ulaya pamoja na Digital Public Library of America, zote zinakusanya urithi wa taasisi nyingi mtandaoni, na ndani yake kuna kauli za "haki bado zipo", "mwenye haki hajapatikana", "haijatathminiwa" na nyinginezo. Pale ambapo haki ni zenu wenyewe, mfano maelezo mliyoandika na picha mlizopiga za vifaa, tumieni leseni za Creative Commons, ni leseni za bure zilizoandikwa tayari zinazomwambia mtu anaruhusiwa kufanya nini. Ushauri wangu ni kuachia data ya rekodi kwa CC0, yaani mtu yeyote aitumie bila masharti, kwa sababu mnataka ifike mbali.

Kuhusu vitu ambavyo muda wa haki umekwisha, msijaribu kuvifungia upya kwa kusema skani ni yenu. Umoja wa Ulaya kwenye agizo lake la mwaka 2019 umesema wazi kwamba nakala tupu ya kazi ya sanaa ambayo muda wa haki umekwisha haizai haki mpya, isipokuwa nakala yenyewe iwe ni ubunifu mpya. The Metropolitan Museum of Art ya New York mwezi Februari 2017 iliachia picha zaidi ya 375,000 kwa CC0, na Smithsonian ikafuata Februari 2020 ikianza na kama milioni 2.8. Kama hao wameweza kuacha, makumbusho ya mtaa hayana sababu ya kuweka muhuri mkubwa katikati ya picha, ule muhuri unawakosesha wale wajukuu wanaotafuta sura.

Upande wa heshima ni mpana kuliko sheria. Mabaki ya binadamu, vitu vya ibada na siri za jando au za ukoo, picha za marehemu, picha za watoto na wagonjwa zilizopigwa bila ridhaa, hivi vyote vinahitaji mzungumze na wenyewe kabla, na wakisema hapana iwe hapana. Kuna programu inaitwa Mukurtu iliyotokana na kazi na jamii ya Wawarumungu wa Australia, inaruhusu kitu kionekane kwa kundi fulani tu kufuatana na desturi zao, na kuna lebo za Local Contexts ambazo jamii yenyewe inaandika masharti ya kutumia urithi wake. Hata kama hamtatumia programu hiyo, wazo lake lichukueni, sio kila kitu kinachoweza kuskaniwa kinatakiwa kuonwa na dunia nzima.

Na kuna taarifa ambazo haziendi hadharani hata siku moja: anwani na simu ya aliyetoa kitu, thamani ya bima, kitu kinakaa shelfu gani, na sehemu kamili ya eneo la akiolojia ambalo halijalindwa, maana wachimbaji wa magendo nao wana intaneti. Zibaki kwenye jedwali la ndani, na kolamu hizo ziwe na alama ya "ndani tu" ili siku ya kuaplodi mtu asijisahau.

HATUA YA 5: Kuskani na kupiga picha

Mikono kwanza. Picha za karatasi, negativi na chuma vishikwe kwa glavu za nitraili, ila barua na vitabu vinashikwa vizuri zaidi kwa mikono misafi mikavu kwa sababu glavu zinapoteza hisia ya vidole na karatasi inachanika. Hakuna chai wala maji mezani.

Vitu bapa vinaenda kwenye skana bapa, zile za kupitisha karatasi kwenye roli msizitumie kwa vitu vya makumbusho. Picha ya karatasi iskaniwe kwa 600 dpi (nukta kwa kila inchi), nyaraka za kawaida 300 au 400 zinatosha, negativi na slaidi za milimita 35 zinahitaji 3000 mpaka 4000 kwa sababu ni ndogo. Skanini kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, ile rangi ya kahawia ya uzee ni sehemu ya kitu. Faili mama iwe TIFF, muundo wa picha usiopunguza ubora, bila kurekebisha rangi, bila kukata kingo, na skani mgongo pia kama una maandishi. Ili ujue nafasi mnayohitaji, picha ya inchi 4 kwa 6 kwa 600 dpi ni pikseli 2400 kwa 3600, TIFF yake ni kama megabaiti 26, kwa hiyo picha elfu moja ni kama gigabaiti 26, sio nyingi sana kwa diski za leo.

Tahadhari moja ya usalama wa watu. Filamu na negativi za zamani, zilizotengenezwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950, zinaweza kuwa za nitrati, na nitrati inashika moto haraka na moto wake hauzimiki kirahisi. Zikiwa zimegeuka njano, zinanata au zinatoa harufu kali ya asidi, msiziweke kwenye skana yenye joto, zitengeni sehemu ya baridi yenye hewa mbali na vingine na muite mtaalamu wa uhifadhi. Zile zinazonuka siki ni za asetati, hizo haziwaki hivo ila zinaoza na zinaambukiza jirani zake, kwa hiyo zitangulizeni kwenye foleni ya kuskani.

Vifaa vyenye umbo ni kazi ya kamera. Kamera yoyote nzuri inatosha, hata simu ya kisasa kama ndo iliyopo, kinachobadilisha kila kitu ni stendi na mwanga. Kamera ikae kwenye stendi, ISO iwe 100, tundu la lenzi f/8 mpaka f/11, na tumia taima ya sekunde mbili ili mkono usitikise. Taa mbili za LED zinazofanana, zenye CRI (kipimo cha taa kuonyesha rangi kwa uhalisia) ya 90 kwenda juu, moja kila upande kwa nyuzi 45, zima taa za dari na funga mapazia ili mianga isichanganyike, flashi ya kamera isiwashwe. Mandhari ya nyuma iwe kijivu au nyeupe isiyong'aa, karatasi inayopinda kutoka ukutani kuja mezani ili kona isionekane. Sarafu, medali na maandishi yaliyochongwa vinataka taa moja ya kulala upande, hapo ndo mistari inatokeza. Kitu kinachong'aa kama fedha kizungushie karatasi nyeupe ili kisiakisi chumba kizima.

Picha ya kwanza ya kila kikao iwe na kadi ya rangi au kadi ya kijivu na rula, na kila kitu kipigwe angalau mara moja kikiwa na rula na namba yake ndani ya fremu. Hiyo ni kinga yenu, siku mafaili yakichanganyika picha yenyewe itasema ni ya nani. Piga mbele, nyuma, ubavu, chini, alama ya kiwanda, sehemu iliyovunjika. Msifiche nyufa.

HATUA YA 6: Majina ya mafaili na bekapu

Jina la faili ni namba ya kitu, basi. 1987-012-003_01.tif, _02.tif na kuendelea, bila nafasi, bila herufi za ajabu, na namba mzijaze sifuri mbele ili kompyuta izipange sawa. Majina kama "picha nzuri mpya mwisho kabisa" yakatazwe siku ya kwanza. Kutoka kwenye TIFF tengenezeni JPEG za tovuti zenye upande mrefu wa pikseli 2000 hivi, na kwa programu ya bure ya ExifTool mnaweza kupachika namba, jina la makumbusho na kauli ya haki ndani ya faili lenyewe, ili hata picha ikizunguka WhatsApp ikiwa imetumwa kama faili kamili ibaki na kitambulisho chake.

Bekapu ifuate kanuni ya 3-2-1, nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikae jengo lingine. Flashi haihesabiwi. Alafu tengenezeni orodha ya cheksamu, SHA-256 kwa mfano, yaani alama ambayo kompyuta inaikokotoa kutoka kwenye faili na inabadilika faili likibadilika, kila baada ya muda mnaikagua tena, faili lililoharibika kimyakimya litajitokeza wakati bado mna nakala nzima ya kulirudisha.

HATUA YA 7: Sasa ndo programu

Mkiwa na CSV safi na folda la picha lenye majina sawasawa, kuchagua kunakuwa kwepesi. Kama hamna fundi wa kompyuta kabisa na pesa ni ndogo, angalieni CollectionBuilder ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Idaho, inachukua CSV yenu na kutengeneza tovuti ya kurasa tuli, haina hifadhidata ya kudukuliwa na mnaweza kuiweka GitHub Pages bure, inataka tu mtu mmoja mvumilivu wa kusoma maelekezo. Omeka ipo tangu 2008, ya bure, inatumia Dublin Core moja kwa moja, na ni nzuri kama mnataka pia kutengeneza maonyesho ya mtandaoni yenye simulizi, inataka seva yenye PHP na MySQL au mnalipia Omeka.net wao wakuhudumieni. CollectiveAccess ni ya bure pia na inabeba kazi yote ya ndani ya makumbusho, ila kuipanga ni kazi nzito, msiingie kama hamna fundi wa kudumu.

Vyovyote mtakavochagua ulizeni swali moja kabla ya kusaini chochote: je tunaweza kutoa data yetu yote na picha zetu zote siku tukitaka kuondoka, kwa muundo wa kawaida? Jibu likiwa la kuzungukazunguka, ondokeni.

Sambamba na tovuti yenu, pelekeni sehemu ya picha Wikimedia Commons, hazina ya picha za Wikipedia, kule ndo zinaingia kwenye makala za Wikipedia na kuonwa na watu ambao wasingejua makumbusho yenu yapo, ila wanapokea tu zile zenye leseni huria au zisizo na haki, leseni ya kukataza biashara hawaikubali. Vitabu, kanda za sauti na magazeti yanakaa vizuri Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni. Facebook na Instagram ni za kutangazia, sio za kuhifadhia, posti yenye linki ya kurudi kwenye rekodi ndo matumizi yake mazuri.

HATUA YA 8: Jaribuni na vitu ishirini

Aplodini ishirini tu kwanza. Alafu mchukueni mtu asiye wa makumbusho, mwambieni atafute kitu fulani kwa simu yake mwenyewe, na nyinyi mkae kimya mumwangalie. Atakapokwama ndo pa kurekebisha. Angalieni ukurasa unafunguka kwa intaneti ya polepole, neno likikosewa herufi moja inakuwaje, kila picha ina maandishi mbadala kwa wasioona, na kila kitu kina linki yake moja isiyobadilika. Hilo la linki lina uzito, mtu akiiweka kwenye tasnifu yake leo lazima ifunguke miaka kumi baadae, kwa hiyo ijengeni kwa namba ya kitu na sio kwa kichwa ambacho mnaweza kukibadilisha kesho. Na kila ukurasa uonyeshe namna ya kuomba nakala kubwa na namna ya kuomba kitu kiondolewe, barua ya kuomba kuondolewa ikija kishusheni kwanza alafu ndo mjadili.

Msisubiri rekodi zikamilike. Rekodi yenye namba, jina, picha na kauli ya haki inatosha kutoka, mengine yataongezwa.

HATUA YA 9: Watu wakianza kuandika

Wataandika. "Huyo wa pili ni shangazi yangu", "hilo jengo sio posta, posta ilikuwa ng'ambo ya barabara". Hii ndo faida kubwa ya kazi yote, maana kumbukumbu za eneo ziko vichwani mwa watu. Maktaba ya Bunge la Marekani ilipoweka picha zake kwenye Flickr, tovuti ya kushirikiana picha, mwezi Januari 2008 watu wa kawaida walianza kutambua mahali, sura na matukio, na taarifa zilizothibitishwa zikaingizwa kwenye rekodi zake. Wekeni kisanduku cha maoni au barua pepe chini ya kila rekodi, jibuni kila mtu, na taarifa iingie kwenye kolamu ya "taarifa kutoka kwa jamii" ikiwa na tarehe na nani kasema, kama amekubali kutajwa, kabla hamjabadilisha maelezo rasmi. Wawili wakipingana, wekeni kauli zote mbili. Wazee ambao hawatumii mtandao wafuateni na picha zilizoprintiwa na kinasa sauti, mkirekodi waombeni ridhaa kwanza.

Mwisho, mambo ya umiliki ambayo yanaangusha tovuti nyingi: domeni isajiliwe kwa jina la makumbusho na barua pepe ya ofisi, sio ya kijana aliyejitolea, paswedi ziwe kwenye bahasha iliyofungwa au programu ya kutunzia paswedi ambayo watu wawili wanaifikia, malipo ya mwaka ya domeni na seva yaingie kwenye bajeti ya kawaida na sio ya mradi, na kila mwaka toeni CSV nzima na kuihifadhi pamoja na ukurasa mmoja unaoeleza kila kolamu maana yake nini, ili mtu atakaepokea kazi asihitaji kuwapigia simu.